Muhuri wa mbao sio ufundi wote

Juzi nilipost picha ya kitambaa cha ajrakh, msee mmoja akaniuliza: "Si ni muhuri tu unagongwa? Mbona bei hiyo?" Swali poa. Wacha nijibu kwa historia.

Ajrakh hutengenezwa na mafundi wa ukoo wa Khatri huko Kachchh, Gujarat, na ng'ambo ya mpaka, Sindh, Pakistan. Sio kitu cha jana. Vipande vya pamba vilivyopigwa mihuri Gujarat vimefukuliwa Fustat, Kairo ya kale, vikiwa vya enzi za kati. Bahari hiyohiyo ndiyo iliyoleta nguo za Gujarat kwa wingi hapa pwani yetu.

Sasa, kazi yenyewe. Kabla ya muhuri kugusa kitambaa, kinafuliwa na kulowekwa kwenye soda, mafuta ya mbarika na samadi ya ngamia. Ndio, samadi! Halafu chokaa na gundi hugongwa pale panapotakiwa kubaki peupe. Rangi nyeusi inatoka kwa vyuma vyenye kutu vilivyochachushwa na sukari guru. Shabu hushika nyekundu, nili inaleta buluu. Katikati ya hatua hizo ni kuosha, kuanika, kuosha tena. Siku zinaenda.

Kwa hivyo mwenye kazi hasa ni maji. Mafundi walijua hilo tarehe 26 Januari 2001, tetemeko lilipoipiga Kachchh na kuua maelfu ya watu. Kijijini Dhamadka nyumba na karakana zilianguka. Baadaye maji yakapungua na kujaa chuma, na chuma huharibu rangi. Mihuri ilikuwepo, mikono ilikuwepo, lakini nyekundu haikutoka sawa. Wengi wakahama, wakajenga kijiji kipya karibu na Bhuj, wakakiita Ajrakhpur. Wengine walibaki.

Hapo ndipo naona tunakosea hata huku kwetu. Tukitaka kuokoa ufundi, tunaitisha maonyesho na semina, tunapiga picha na mafundi. Nani anauliza malighafi iko wapi? Viondo vingi siku hizi vinasukwa kwa nyuzi za kiwandani, sio mkonge, na bado tunashangaa mbona si kama vya nyanya.

Basi ndugu yangu, bei uliyoiona sio ya muhuri. Unalipia kisima.