Rap ya Arusha na haki ya jina

Mwaka 1991 Saleh Jabir alichukua mdundo wa "Ice Ice Baby" wa Mmarekani Vanilla Ice, akauimbia kwa Kiswahili, na kanda yake ikapendwa na vijana wengi nchini. Wanaosimulia historia ya bongofleva huanzia hapo, na wapo wanaotumia mwanzo huo kama ushahidi kwamba muziki huu ni mtoto wa kunakili. Hukumu hiyo ni ya haraka mno. Waliokuwa wakimsikiliza Saleh waliujua mdundo ule na mwenyewe. Raha ya kanda ilikuwa kusikia wimbo wa mbali ukizungumza lugha ya nyumbani. Aliyenyamazia chanzo ni Vanilla Ice. Besi ya wimbo wake ilitoka katika "Under Pressure", kazi ya Queen na David Bowie ya mwaka 1981, na majina yao yaliingizwa miongoni mwa watunzi baada ya mgogoro. Kati ya wawili hao, aliyeiga hadharani alimkosea mtunzi kidogo kuliko aliyemfuta. Tofauti hiyo ndiyo ninayotaka kuifuatilia Arusha, kwa sababu huko swali la nani mtunzi halisi limeulizwa kwa uzito, na majibu yake yanatufaa leo ambapo wimbo unanakiliwa kwa kugusa simu.

Katikati ya miaka ya 1990 liliundwa Arusha kundi la X Plastaz. Studio na redio zilizokuwa zikiwatoa wasanii zilikuwa Dar es Salaam, na kijana wa Arusha aliyetaka kusikika angeweza kuridhika kuwa mwangwi wa Dar, ambayo nayo kwa sehemu ilikuwa mwangwi wa New York. Kundi hilo likageukia kilichokuwa jirani. Kuzunguka Mlima Meru, Waarusha huzungumza Kimaa kama ndugu zao Wamaasai, na uimbaji wa Kimaa, wenye sauti nzito zinazopokezana na kiongozi wa wimbo, si kitu cha kwenda kutafuta makumbushoni. Yamat Ole Meipuko, aliyejulikana kwa jina la Merege, aliimba Kimaasai kando ya mistari ya Kiswahili ya Faza Nelly, Gsann na Ziggy. Mwaka 2004 albamu yao, "Maasai Hip Hop", ikatolewa na kampuni ya Ujerumani, Out Here Records. Miaka mitano baadaye Gsann alichana kwa Kiswahili katika tuzo za hip hop za BET huko Marekani. Hakwenda pale kuonyesha jinsi Mtanzania anavyoweza kusikika kama Mmarekani.

Atakayepinga atasema kwamba hapa pia kuna kuazima: nyimbo za Kimaasai ni mali ya jamii, na hip hop ni ya watu weusi wa Marekani, sasa uasilia uko wapi? Hoja hii ni nzito. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania, Namba 7 ya mwaka 1999, imetenga sehemu nzima kwa ajili ya sanaa za jadi ili zisitumiwe kibiashara kiholela, maana yake wimbo usio na mtunzi mmoja bado una wenyewe. Lakini X Plastaz hawakuchukua sauti ya Mmaasai wakamwacha mwenyewe nje ya mlango. Merege alikuwa jukwaani, kwa jina lake na lugha yake, na jamii yake ikatajwa kwenye jalada la albamu. Kwangu uasilia ni huo: kuongeza cha kwako huku ulichokikuta kikibaki na mwenyewe. Anayedai hakuazima popote ama hajui alikotoka ama anaficha.

Wizi wa zamani ulikuwa wa aina nyingine kuliko wa leo. Kabla ya intaneti kanda zilirudufishwa madukani mchana kweupe. Sheria ya hakimiliki ya mwaka 1966 ilikuwepo, lakini COSOTA, iliyoanza kama chombo cha kukusanya na kugawa mirabaha, ilipatikana tu kutokana na sheria ya 1999. Mtunzi alipoteza fedha, tena nyingi, na sitaki kuupamba umaskini ule. Hata hivyo muuza kanda alilazimika kuandika jina la msanii juu ya kasha, kwa sababu mnunuzi aliliulizia. Kwenye mtandao lazima hiyo imekwisha. Wimbo unapakuliwa, unakatwa sekunde chache, unapandishwa upya katika ukurasa wa mtu mwingine, na anayeusikia hana haja ya kujua ni wa nani ili aucheze tena. Makala za waandishi na riwaya za mfululizo zinapita njia hiyohiyo: jina la juu linakatwa, la mpachikaji linawekwa.

Wapo wanaojibu kwamba kusambazwa ni kutangazwa, na kwamba msanii wa mkoani asingefika mbali bila wanaomnakili. Ni kweli kwamba kanda za kurudufisha ziliwafikisha wengi wasikofikishwa na redio. Ila tangazo lisilo na jina halimtangazi mtu. Promota hawezi kumwalika mtunzi asiyemjua, na anayegawa mirabaha hawezi kumlipa. Sheria yenyewe inampa mtunzi haki ya kutambuliwa kwa kazi yake, mbali na haki ya kulipwa, na sioni kwa nini haki hiyo ya kwanza izungumzwe kama pambo.

Wengine watasema basi, sheria ipo, itumike. Ipo, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 nayo inagusa ukiukaji wa haki za ubunifu. Ugumu uko kwenye ushahidi. Linganisha na mbegu: Julai 2015 nchi wanachama wa ARIPO, shirika la kikanda la Afrika la miliki ubunifu, zilipitisha Arusha itifaki ya kulinda aina mpya za mimea. Chini ya mfumo huo mgunduzi wa mbegu lazima aombe na asajiliwe, hivyo jina lake lipo kwenye daftari kabla ugomvi haujaanza. Mtunzi wa mashairi hulindwa bila kusajili chochote. Ni ukarimu mkubwa wa sheria, lakini humwacha mikono mitupu siku anapotakiwa kuthibitisha. Studio nyingi zilirekodi bila karatasi inayosema nani aliandika ubeti upi na nani alitengeneza mdundo. Karatasi hiyo haigharimu kitu. COSOTA hupokea usajili wa hiari, na tarehe ya usajili ni ngumu kuipinga kuliko kumbukumbu za marafiki.

Faza Nelly aliuawa mwaka 2006. Hakimiliki hudumu miaka 50 baada ya mtunzi kufariki, kwa hiyo alichokiandika peke yake kitaendelea kulindwa hadi 2056, na watakaonufaika na ulinzi huo ni warithi wake. Watamdai nani, na kwa ushahidi gani, iwapo mistari yake itakuwa inazunguka mitandaoni kama sauti ya mtu asiyejulikana wa Arusha? Waliorekodi naye wengi wangali hai na wanakumbuka nani aliandika nini. Orodha hiyo inaweza kuandikwa mwaka huu.