Mgeni wa Wangchuan

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Waswahili aghalabu huitaja methali hii kwa utani wa jikoni: mgeni akibisha hodi kuku huchinjwa, na mwenyeji naye akapata mnofu. Lakini katika historia ya ushairi yuko mwenyeji mmoja aliyepona kwa mgeni wake kwa maana nzito zaidi kuliko hiyo, kwani kilichopona kilikuwa shingo yake. Mwenyeji huyo ni Wang Wei, mshairi wa Uchina wa karne ya 8, zama za ufalme wa Tang. Mgeni wake ni Pei Di, sahibu aliyekuwa mdogo kwake kwa umri na kwa cheo.

Wang Wei alizaliwa karibu na mwaka 700 katika nchi ambayo leo ni jimbo la Shanxi. Alifaulu mtihani mkuu wa dola angali kijana, akaingia katika utumishi wa mfalme Xuanzong mjini Chang'an, ambao leo ni Xi'an. Alikuwa mwanamuziki, mchoraji na mshairi, na katika kila fani kati ya hizo alihesabiwa miongoni mwa wakuu. Mama yake alishika sana dini ya Budha, na mwana naye akaifuata njia hiyo. Alipofiwa na mkewe, naye ana umri wa kama miaka 30, hakuoa tena.

Katika miaka yake ya utu uzima alipata shamba katika bonde la Wangchuan, wilaya ya Lantian, mwendo wa kilomita 50 hivi kusini-mashariki ya mji mkuu, chini ya milima ya Qinling. Kabla yake lilikuwa la mshairi mwengine, Song Zhiwen. Palikuwa na mto, ziwa, vichaka vya mianzi, na msitu mzito uliopanda mlimani. Si kwamba Wang Wei aliikimbia dunia. Watumishi wa dola ya Tang walipewa siku moja ya mapumziko katika kila siku 10, na mara mbili kwa mwaka likizo ya siku 15. Basi aliishi mguu mmoja barazani kwa mfalme na mguu mmoja msituni. Mshahara wa mji ndio uliolipia ukimya wa bonde. Wako waliomlaumu kwa hilo, wakisema mpenda upweke wa kweli angeliiacha kofia ya kazi. Lakini huenda ni kwa sababu ya kuujua mji vyema ndipo alipojua msitu unampa nini.

Pei Di alikuwa akija kumtembelea. Walipanda mtumbwi ziwani, wakapiga kinanda cha nyuzi, wakatembea kutwa na kutunga. Wakachagua mahali 20 katika bonde: kilima, mwamba, chemchemi, kichaka cha mianzi, bustani ya pilipili. Kwa kila mahali Wang Wei akatoa utungo mmoja na Pei Di akautolea mwenziwe. Jumla zikawa tungo 40, na diwani hiyo ingalipo hadi leo.

Mpenzi wa mashairi wa pwani hatouona mtindo huo kuwa mgeni. Zama za Muyaka bin Haji, Mombasa na Lamu zilijibizana kwa mashairi, kila upande ukingojea neno la mwenziwe. Tofauti ni kwamba huko majibizano yalibeba vita, na Wangchuan hapakuwa na ugomvi wa kuamuliwa. Tofauti nyengine ni ya umbo. Kila utungo wa Wangchuan una mishororo minne, na kila mshororo mizani 5. Utungo mzima ni mizani 20, yaani umezidi kidogo tu mshororo mmoja wa shairi letu la mizani 16. Katika nafasi finyu kama hiyo hapana pa kuweka pambo. Neno moja likiteleza, utungo wote huanguka.

Utungo unaojulikana zaidi kati ya hizo unahusu zizi la paa. Wang Wei anasikia sauti za watu mlimani asimwone mtu, kisha mwanga wa jioni unapenya msituni. Jibu la Pei Di halijulikani sana, nalo lastahiki kusomwa ubavuni mwa la kwanza. Yeye anajiita mgeni, anakiri kwamba mambo ya ndani ya msitu hayajui, ila ameziona nyayo za paa. Mwenyeji anasikia na haoni. Mgeni anaona alama, na mwenye alama keshapita. Wawili hao wametazama msitu mmoja, na hapana aliyemwigiza mwenziwe. Ndiyo adabu ya kujibu: kuongeza pale mwenzio alipoishia, bila ya kumrudia wala kumpiku.

Katika mwisho wa mwaka mmoja Pei Di alikuwa ameshughulika na masomo, na Wang Wei hakutaka kumsumbua. Akaenda bondeni peke yake, akala na watawa wa hekalu, akapanda kilima usiku wa mbalamwezi, akasikia mbwa wakibweka mbali, na nafaka ikitwangwa, na kengele ya hekalu ikiitika katikati ya mitwango. Kisha akaandika barua. Alimweleza rafikiye kwamba ameketi kimya akizikumbuka siku zao za kutembea na kutunga, akamwomba aje majira ya kuchipua majani, samaki watakaporuka mtoni na ndege watakapolia mashambani. Barua hiyo alimkabidhi mtu aliyekuwa akishuka mlimani na mzigo wa magome ya dawa. Haizidi ukurasa mmoja, na Wachina wameisoma kwa zaidi ya miaka 1,200.

Kisha vita vikaja. Mwezi wa Disemba mwaka 755 jemadari An Lushan alimwasi mfalme, na katikati ya mwaka 756 Chang'an ikaanguka. Mfalme alitoroka kuelekea Sichuan, na Wang Wei hakuwahi kumfuata. Alikamatwa. Alikunywa dawa ya kujiumiza tumbo na akajifanya bubu, lakini waasi hawakumwachilia. Walimpeleka Luoyang, wakamfungia katika hekalu, wakamlazimisha kupokea cheo katika serikali yao.

Huko hekaluni Pei Di alimtembelea. Safari hii hapakuwa na ziwa wala kinanda. Mgeni alikuja na habari. An Lushan alikuwa ameandaa karamu kwenye bwawa la bustani ya mfalme, akawaamuru wanamuziki wa mfalme aliyetoroka wamtumbuize. Walipoanza kupiga, machozi yakawatoka. Yasimuliwa kwamba mmoja wao, Lei Haiqing, alikitupa chini chombo chake, na akauawa papo hapo. Wang Wei alipoyasikia hayo alitunga mishororo minne ya majonzi kwa ajili ya nchi yake, akamsomea Pei Di kwa mdomo. Kichwa cha utungo huo chenyewe kinaeleza hivyo: nani alikuja, alisema nini, na nani alisomewa.

Mwishoni mwa mwaka 757 dola ya Tang iliirudisha miji yake miwili, na hesabu ikaanza. Waliowatumikia waasi walipangwa kwa daraja 6 za adhabu, na wa daraja ya juu waliuawa. Cheo alichopewa Wang Wei kilitosha kumtia hatiani. Lakini ule utungo ulikuwa umeshamfikia mfalme mpya, naye aliupokea kuwa ushahidi wa moyo wa mtunzi. Tena ndugu yake, Wang Jin, aliomba ashushwe cheo chake mwenyewe ili ndugu yake asamehewe. Wang Wei akasamehewa.

Maneno yaliyosemwa kwa siri na mfungwa hayana thamani mbele ya kadhi mpaka apatikane aliyeyasikia. Sikio lililozoea kuzipokea beti za Wangchuan, utungo kwa utungo, ndilo lililokuwapo siku ambayo utungo ulikuwa roho ya mtu.

Baada ya hapo Wang Wei alilitoa shamba lake liwe hekalu, akafariki mwaka 761. Wang Jin alipotakiwa na mfalme azikusanye tungo za nduguye alipata kama 400, akaeleza kwamba nyingi zaidi zimepotea vitani. Mchoro mkubwa wa bonde alioupaka Wang Wei nao ulipotea, na zilizobaki ni nakala, mojawapo ikiwa imechongwa juu ya jiwe mwaka 1617. Pei Di hakuacha diwani kubwa. Kilicholibakisha jina lake ni yale majibu 20, na ile safari moja ya kwenda kumwona rafiki aliyefungwa, wakati ambapo kumjua tu kulikuwa hatari.