Kutoka Sikio la Fundi Hadi Soketi ya Pini 16

Soketi yenye pini 16 iliyojificha chini ya usukani, ambayo fundi wa leo huchomeka mashine kabla hata ya kufungua boneti, haikubuniwa ili kumrahisishia kazi. Ilizaliwa na moshi wa Los Angeles.

Julai 1943 wakazi wa jiji hilo walivamiwa na ukungu mchafu uliowawasha macho, na wapo waliodhani ni shambulio la gesi la Wajapani. Miaka michache baadaye mkemia Arie Haagen-Smit alionyesha kwamba ukungu ule ulitokana na moshi wa magari na mivuke ya mafuta inapopigwa na jua. Mwaka 1967 California ikaunda bodi ya kusimamia hewa, na Haagen-Smit akawa mwenyekiti wake wa kwanza.

Wakati huo gari lilikuwa bado halijui kujieleza. Fundi wa Peugeot 404 au Landrover, awe Nairobi au Dar es Salaam, alitegemea sikio, pua na macho. Alisikiliza injini ikiwa sailensa, akanusa eksozi, akachomoa plagi na kuitazama ncha yake: ikiwa nyeusi kwa masizi, petroli imezidi, ikiwa nyeupe, petroli ni haba. Kosa likishajulikana, alirekebisha kabureta au distribyuta kwa bisibisi.

Mambo yalianza kubadilika mwaka huohuo wa 1967, kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilipoleta D-Jetronic, mfumo wa umeme wa kupima na kupuliza petroli. Volkswagen 1600 zilizouzwa Marekani zilikuwa miongoni mwa za kwanza kuupata. Mwaka 1976 Volvo ikatoa magari ya soko la California yenye sensa ya oksijeni kwenye eksozi. Kufikia 1981 General Motors ilikuwa imeweka kompyuta katika magari yake ya petroli yaliyouzwa Marekani, pamoja na taa ya kumwonya dereva kwenye dashibodi.

Hapo ndipo fundi alipokutana na ugonjwa mgeni: sensa nzima isiyo na kasoro, lakini soketi yake imelegea.

Chukua sensa ya joto la maji. Katika Toyota nyingi za petroli, ukinzani wake huwa kati ya omu 2,000 na 3,000 maji yakiwa na nyuzi 20, na hushuka hadi kati ya omu 200 na 400 yakifika nyuzi 80. Baridi ikizidi, ukinzani hupanda. Sasa klipu ya plastiki ikikatika kwa uzee na joto, soketi ikaachia, ukinzani hupaa kupita kiasi, na kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, huelewa kwamba injini imeganda kwa baridi. Mifumo ya mwanzo iliamini uongo huo na kumwaga petroli. Gari likatoa moshi mweusi na kumisi huku kila kipuri kikiwa kizima. Ya baadaye ilifundishwa kushuku: huwasha taa, kisha huendesha injini kwa kukisia kwamba maji yana nyuzi 80.

Kuanzia magari ya modeli ya 1988, California ilidai kila gari jipya lijipime lenyewe na kumjulisha dereva likiharibika. Ila kila kiwanda kilichagua soketi yake na lugha yake. Toyota iliweka kisanduku chenye kifuniko chini ya boneti. Fundi alichukua kipande cha waya, akaunganisha tundu la TE1 na la E1, akawasha swichi bila kuwasha injini, kisha akakaa kuhesabu taa ya dashibodi. Ikimweta mara mbili, ikapumzika, ikamweta tena mara mbili, hiyo ni 22: sensa ya joto la maji. Ikimweta mfululizo bila kupumzika, hakuna kosa lililohifadhiwa.

Elimu hiyo ya waya iliifaa sana Afrika Mashariki. Tanzania ilikuwa imelegeza masharti ya biashara katikati ya miaka ya 1980, Kenya ikafuata mwanzoni mwa miaka ya 1990, na magari yaliyokwisha kutumika Japani yakaanza kumiminika bandarini. Corolla za wakati huo zilipimika kwa kipande cha waya tu.

Mwaka 1996 Marekani ilikomesha vurugu ya soketi: kila gari jipya lililouzwa huko lilipaswa kuwa na umbo moja la pini 16 na namba za makosa zinazofanana. Mwaka 2005 kampuni ya Elm Electronics ya Kanada ikatoa chipu ya ELM327 yenye uwezo wa kusoma namba hizo. Chipu hiyo ilinakiliwa kila mahali, na vifaa vya bei nafuu vya kuunganishwa na simu vikaenea.

Hata hivyo mashine hutaja njia ya umeme, haitaji kipuri. P0118 maana yake ni kwamba volti katika njia ya sensa ya joto la maji zimezidi. Huenda sensa imekufa, huenda waya umekatika, huenda pini imeota kutu au soketi imelegea tu. Kosa la kuja na kupotea ni gumu zaidi, kwani gari likifika gereji huwa linanguruma vizuri. Ndiyo maana mafundi wazoefu bado huacha injini sailensa na kutikisa waya mmoja mmoja, huku mwenzao akitazama mshale wa mizunguko. Ukiruka waya fulani unapoguswa, hapo ndipo pa kuanzia.

Kwa hiyo mwenye gari kuukuu akiambiwa anunue sensa kwa sababu mashine imesema, na aombe kwanza soketi ichomolewe mbele yake, pini zisafishwe na waya upimwe kwa mita. Kazi hiyo haihitaji spea yoyote.