Mafuta ya Kilombero: kisima ambacho hakikuchimbwa

Mitihani ya katikati ya muhula imetubana kweli kweli na Jumatatu bado lipo somo la miamba. Sasa juzi usiku jamaa ninayekaa naye chumba kimoja, mtu wa Moshi, kaniuliza: "Hivi nyie wa Ifakara, yale mafuta yenu yaliishia wapi?" Nikacheka. Baadaye usingizi ukakata, maana swali hilo ndilo lililonileta kusoma jiolojia.

Nianze na bibi. Shamba lake la mpunga liko kule Kivukoni. Masika yakiisha, kwenye madimbwi hubaki utando unaong'aa rangi rangi kama dizeli iliyomwagika gereji. Nilipokuwa darasa la tatu hivi, habari za mafuta zikavuma mjini, tukajua tumetajirika. Nilikinga ule utando kwenye chupa ya maji nikaificha chini ya kitanda (msinicheke). Nimekuja kuelewa mwaka wa kwanza hapa chuo: chukua kijiti, uchokoe. Ukivunjika vipande vipande na kubaki hivyo, ni kazi ya bakteria wa chuma. Ukijirudi na kuungana, hapo sasa ndiyo upige simu. Wa bibi ulikuwa unavunjika.

Lakini habari yenyewe haikuwa ya vijiweni tu. Nchi hii ilianza kutafutwa mafuta 1952, BP na Shell walipopewa maeneo ya pwani. Patupu. TPDC ikaundwa 1969, na 1974 Agip wakakuta gesi Songo Songo. Huku bara kulisahaulika kidogo. Mwaka 1987 Amoco walichimba visima viwili Rukwa, Ivuna na Galula, vyote vikavu. Kilichogeuza upepo ni Uganda: 2006 mafuta yakathibitika kando ya Ziwa Albert, ndani ya bonde la ufa. Wenye ramani wakaanza kuyakodolea macho mabonde mengine ya ufa, na letu ni mojawapo. Februari 2012 kampuni ya Swala ikasaini mkataba wa kitalu cha Kilosa-Kilombero. Mwezi mmoja baadaye Kenya wakatangaza mafuta Turkana. Hebu fikiria Ifakara ilivyochachamaa!

Ukisimama stesheni ya TAZARA Ifakara, Udzungwa unaiona imesimama kama ukuta. Ule ndio ufa wenyewe. Upande mmoja uliinuka, mwingine ukazama, na kila ulipozama mito ikajazia mchanga na matope. Chini kabisa kuna miamba migumu ya kale, ndugu wa ile ya Mahenge inayotoa rubi na spineli. Hiyo usiiulize mafuta, ilishapikwa mno. Katika ukanda wetu kuna pia tabaka za Karoo, za kati ya miaka milioni 300 na 180 iliyopita, rika moja na makaa ya mawe ya Mchuchuma. Juu ni matope machanga ambayo bibi anayalima.

Ili mafuta yapatikane unahitaji mambo manne, tena kwa mpangilio. Liwepo ziwa la kale ambalo mwani wake ulikufa ukazama pasipo hewa. Matope yake yazikwe kilomita mbili au zaidi, yapate joto la nyuzi 60 hadi 120 hivi. Uwepo mchanga wa kuyapokea mafuta, na juu yake udongo wa mfinyanzi wa kuyaziba yasipotee. Kimoja kikikosekana, umekosa vyote. Upimaji wa mitetemo wanaofanya wataalamu unaonyesha umbo la tabaka tu. Unaona chungu, huoni mchuzi.

Chungu kilionekana. Eneo walilokusudia kuchimba wakalipa jina Kito, jina zuri kwa kweli. Agosti 2014 Swala ikaingia Soko la Hisa la Dar es Salaam, hisa shilingi 500, kampuni ya kwanza ya utafutaji mafuta pale. Halafu bei ya dunia ikaporomoka: katikati ya 2014 pipa lilipita dola 100, Januari 2016 lilikuwa chini ya 30. Kito hakikuchimbwa. Binafsi naona bei ndiyo iliyokiua kuliko mwamba.

Na hapa wengine hamtapenda. Bonde letu ni Ramsar tangu 2002, karibu hekta 800,000, nyumba ya sheshe (eti kampuni ya Swala kwenye bonde la sheshe, hahaha). Maji ya mto huu ni zaidi ya nusu ya Rufiji, ndiyo yanayojaza bwawa la Nyerere. Mwaka ule ule wa 2012 mifugo ilitolewa bondeni kwa operesheni, na vijiweni watu wakaunganisha mambo hayo mawili bila ushahidi wowote. Mimi nilitaka kichimbwe. Nikiliwaza lile shamba, sina uhakika sana.

Likizo iliyopita bibi kaniuliza, "Mume wangu, mmeshayaona hayo mafuta?" Nikamwambia bado, hatujajua hata kama ziwa la kale lilikuwepo. Akanitazama, akasema, "Maji hapa hayajawahi kukosekana. Shika jembe."

Haya, Jumatatu saa mbili asubuhi mtihani. Niombeeni.