Sauti Nyembamba Katika Mashine ya Mnyonge

Mtu anenapo, uzito wa sauti yake hukaa zaidi katika irabu, lakini ufafanuzi wa maneno yake hutegemea sana konsonanti. Mvumo wa s, kwa mfano, huwa na nguvu yake kubwa katika mitetemo inayozidi 4,000 kwa sekunde. Ukiondolewa mvumo huo, msikilizaji hupata taabu kupambanua sumbua na fumbua. Basi habari ya kutengeneza sauti nyembamba katika mashine za bei rahisi si habari ya anasa tu. Ni habari ya nani atakayelisikia neno, na nani atakayelikisia.

Kabla ya mwaka 1925 mwimbaji aliimba mbele ya pembe, na nguvu ya pumzi yake ndiyo iliyoisukuma sindano ya kuchorea. Njia hiyo ilinasa mitetemo ya takriban 250 hadi 2,500 tu. Ndipo Joseph Maxfield na Henry Harrison wa Marekani walipoleta njia ya umeme, yenye maikrofoni na valvu, na mpaka wa juu ukafika karibu na 5,000.

Lakini faida iliyopatikana katika sahani haikuwa lazima ifike nyumbani. Siti binti Saad wa Unguja alipokwenda Bombay mwaka 1928 kuimba kwa ajili ya santuri, njia ya umeme ilikuwa imekwisha kuenea katika kampuni kubwa. Ila wasikilizaji wengi wa zama zile walitumia gramafoni za kuzungushwa kwa mkono. Sindano yake ya chuma ilichakaa upesi, na mawimbi ya sauti nyembamba, kwa kuwa ndiyo madogo kabisa katika mfuo wa sahani, yalikuwa ya kwanza kukwanguliwa. Dawa ya mnyonge ilikuwa kubadili sindano kila upande wa sahani. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Arthur Haddy na wenzake wa kampuni ya Decca, Uingereza, walitengeneza sahani za kuwafundisha askari kupambanua milio ya manowari za chini ya bahari. Ujuzi huo uliwafikisha kwenye mitetemo ipatayo 14,000, na baada ya vita ukaingizwa katika santuri za muziki. Hata hivyo, kizuri hakikosi ila: mlango uliofunguliwa kwa s ulifunguliwa pia kwa mikwaruzo. Mafundi wakawa wanazidisha sauti nyembamba wakati wa kurekodi na kuipunguza wakati wa kupiga, ili mikwaruzo ipungue pamoja nayo; na mwaka 1954 wenye viwanda wa Marekani walikubaliana kipimo kimoja cha kazi hiyo.

Katika redio nyingi za bei rahisi, kitufe cha sauti kiliweza kuipunguza sauti nyembamba tu, si kuiongeza. Oktoba 1952 Mwingereza Peter Baxandall alichapisha katika jarida la Wireless World mchoro wenye vifaa vichache, ulioweza kuongeza au kupunguza sauti nene na nyembamba, kila moja peke yake. Mchoro huo ulienea sana, hata katika vikuza sauti vya watu wa kawaida.

Hata hivyo, kitufe hakirudishi kilichokwisha kupotea. Sauti nyembamba huelekea mbele kama mwanga wa kurunzi, na kitambaa kizito huimeza. Kipaza sauti kilichoelekezwa sakafuni huinyima masikio hata kama kitufe kimezungushwa hadi mwisho, na kinachoongezeka huwa ni mikwaruzo. Hivyo mwenye mashine duni hufaa aanze na sindano, kisha akielekeze kipaza sauti usawa wa masikio, na ndipo aguse kitufe. Kazi mbili za kwanza gharama yake ni ndogo, nazo ndizo zinazoamua kama sumbua itasikika sumbua.