Nani Huichagulia Gari Oili Yake?

Somo letu la leo ni la historia, lakini si historia ya wafalme wala ya vita. Ni historia ya oili ya injini.

Watu wengi hapa Kahama hula kwa injini. Huyu ana bodaboda, yule ana lori la kubeba mpunga, mwingine ana mashine ya kusagia mawe ya dhahabu. Injini ikinoki, nyumba nzima huona njaa. Basi swali letu si dogo. Ukifungua boneti ya magari fulani, utakuta kifuniko cha oili kimeandikwa jina la kampuni ya mafuta. Je, mtengenezaji wa gari ameichagua kampuni hiyo kwa sababu oili yake inazishinda nyingine zote?

Tuanzie mbali kidogo. Mwaka 1899 Mwingereza mmoja, Charles Wakefield, alianzisha biashara ya vilainishi mjini London, yaani mafuta ya kulainisha mashine. Mwaka 1909 kampuni yake ilianza kuuza oili mpya kwa ajili ya injini za magari na za ndege, na ndani ya oili hiyo yalitiwa mafuta ya nyonyo. Naam, nyonyo hizi hizi, mbegu za mbarika unaojiotea wenyewe nyuma ya nyumba! Kwa Kiingereza mafuta hayo huitwa castor, na kutokana na neno hilo likapatikana jina la Castrol. Mafuta ya nyonyo hushika chuma vizuri hata katika joto kali. Ubaya wake ni kwamba yakitumika kwa muda huganda na kunata kama ulimbo.

Siku zile mwenye gari alichagua oili kwa kumwamini muuzaji tu. Mwaka 1911 chama cha wahandisi wa magari wa Marekani, SAE, kikatoa namba za kupimia uzito wa oili. Hizo ndizo namba tunazoziona hata leo, kama 40, au 20W-50. Katika 20W-50, namba ya kwanza yenye W yaeleza jinsi oili inavyotiririka wakati wa baridi, na namba ya pili yaeleza uzito wake injini ikiwa imepata moto. Lakini shikeni jambo hili: namba ya uzito haisemi kama oili ni nzuri. Uji wa unga uliooza nao unaweza kuwa mzito.

Watengenezaji wa mashine waliingia katika uchaguzi huu kwa sababu ya taabu. Katika miaka ya 1930 kampuni ya Caterpillar ya Marekani ilikuwa ikiuza matrekta ya dizeli. Oili za wakati ule ziliungua ndani ya injini na kuacha masizi magumu; ringi za pistoni zikanasa, nguvu ikapungua, wakulima wakalalamika. Mwaka 1935 kampuni ya mafuta ya Standard Oil of California ikaleta oili iliyotiwa dawa ya kusafisha, mfano wa sabuni, iliyoitwa Delo. Nayo Caterpillar ikawa na injini maalumu ya kujaribia oili. Oili iliyofaulu ilikubaliwa, iliyoshindwa ilikataliwa. Kwa maoni yangu, hapo ndipo mambo yalipogeuka. Tangu hapo oili ilianza kufanya mtihani.

Mwaka 1947 shirika la mafuta la Marekani, API, likazigawa oili katika madaraja matatu, na baadaye likaanzisha herufi tunazozitumia sasa. Mercedes-Benz, BMW, Volkswagen na wengine nao wana mitihani yao wenyewe, na kila mmoja hutangaza kipimo ambacho oili lazima ikifikie.

Sasa turudi kwenye lile jina juu ya kifuniko. Jina hilo ni habari ya mkataba. Kampuni ya mafuta na kampuni ya magari hupatana: oili yetu itiwe kiwandani, jina letu liandikwe kitabuni, nasi tutasaidia utafiti, matangazo na mashindano. Mwaka 1993 Toyota zilipochukua nafasi nne za kwanza katika mashindano ya Safari Rally nchini Kenya, ubavuni zilikuwa na jina la Castrol. Tena Toyota huuza oili yenye jina lake yenyewe, ingawa haina visima vya mafuta. Hutengenezewa na makampuni ya mafuta.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa BMW. Kwa miaka mingi iliwaambia wateja wake watumie Castrol. Kuanzia mwaka 2015 ikawaambia Shell. Je, injini zilizokwisha kuuzwa ziligeuka usiku mmoja? Hata kidogo. Mkataba ndio uliogeuka. Vitabu vya magari ya Kiingereza vya miaka ya 1950 na 1960 havikuficha jambo hili: mara nyingi vilikuwa na jedwali lenye Castrol, Shell, BP, Esso na Mobil pamoja, mwenye gari achague. Huko Marekani sheria ya mwaka 1975 inamkataza mtengenezaji kumnyima mteja dhamana ya gari kwa sababu tu ametumia oili ya jina jingine, iwapo mtengenezaji hakumpa oili yake bure.

Basi, ukienda dukani, usiishie kwenye picha na rangi ya kopo. Tafuta namba ya uzito, kisha tafuta API. Herufi ikianza na S, oili ni ya injini za petroli. Ikianza na C, ni ya dizeli. Kadiri herufi ya pili inavyosogea mbele katika alfabeti, ndivyo kipimo kilivyo kipya. SP, kwa mfano, ilitolewa mwaka 2020. Magari mengi yaliyotumika hufika kwetu kutoka Japani na kitabu cha Kijapani, lakini namba na herufi hizi huandikwa vilevile.

Wenye pikipiki wasikilize zaidi. Katika pikipiki nyingi klachi huogelea ndani ya oili ile ile ya injini. Baadhi ya oili za magari zina dawa ya kuongeza utelezi, na klachi ikiteleza pikipiki hupiga kelele bila kwenda. Kwa sababu hiyo Wajapani walitoa kipimo chao mwaka 1998. Tafuta maandishi JASO MA.

Kabla ya somo lijalo, kila mwanafunzi atafute kopo tupu la oili, anakili namba na herufi zake katika daftari, aandike pia ni ya petroli, ya dizeli au ya pikipiki. Mwalimu atasahihisha.