2147483647: nambari iliyomeza simu za watu

Leo tuache habari za simu mpya, tuongee historia ya nambari moja tu: 2147483647.

Nilikutana nayo hapa Kebirigo, kwenye orodha ya kompyuta ya chama kimoja cha wakulima wa chai nilikoitwa kukagua. Wanachama chungu nzima, wote simu moja: 2147483647. Ujumbe wa malipo haukuwafikia, na wazee walishaanza kumshuku mweka hazina.

Nambari hii inatoka wapi? Chukua 2 thelathini na moja, uzizidishe zote pamoja, kisha utoe 1. Ni nambari tasa, yaani haigawanyiki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Tasa za umbo hili huitwa za Mersenne, mtawa Mfaransa aliyeziorodhesha mwaka 1644. Hii ni ya 8.

Mersenne alidai tu. Aliyethibitisha ni Euler, Mswisi aliyeishi Saint Petersburg, mwaka 1772, akiwa karibu kipofu kabisa. Badala ya kujaribu kila tasa hadi 46340, alionyesha kwamba kigawanyo chake chochote, ukikigawanya kwa 248, lazima kibakize 1 au 63. Nambari za aina hiyo hazifiki 400. Hakuna iliyoigawanya.

Kutokana nayo hupatikana nambari kamilifu, yaani iliyo sawa na jumla ya vigawanyo vyake vidogo, kama 6 = 1 + 2 + 3. Hiyo ni 2305843008139952128. Mwaka 1811 Mwingereza Peter Barlow aliandika kwamba kubwa kuliko hiyo haitapatikana kamwe, kwa kuwa hazina faida na hakuna atakayejisumbua. Mwaka 1876 Lucas, Mfaransa, akathibitisha tasa ya Mersenne yenye tarakimu 39!

Faida je? Kompyuta ikitenga biti 32 kwa nambari, moja ni ya alama ya chanya au hasi. Zinabaki 31, na kubwa kabisa inayoingia ni 2147483647. Simu ya Kenya inayoanza na 254 ina tarakimu 12, zaidi ya mara 118 ya kikomo hicho. MySQL ya zamani, isipowekewa masharti makali, haikuikataa. Iliishusha hadi kikomo na kuendelea na kazi.

Simu si kiasi, hakuna anayejumlisha simu. Ihifadhi kama maandishi. Kwa chama kile tulirudi kwenye rejista ya karatasi, tukaingiza upya moja moja.

Kuna kikomo kingine njiani. Mifumo ya zamani inayohesabu sekunde tangu 1970 kwa biti 32 itafika 2147483647 tarehe 19 Januari 2038, saa 12 na dakika 14 asubuhi kwa saa zetu.

Basi tafuta nambari hii kwenye mfumo wako leo, kabla hujamshuku mtu. Haya, tuonane wiki ijayo.